Nani Alimuuliza Deok-sun?

Siku ya ufunguzi wa Michezo ya Olimpiki jijini Seoul, tarehe 17 Septemba 1988, msichana mmoja wa sekondari aliingia uwanjani amebeba bango la Uganda. Si bango alilojiandaa nalo. Siku zote za mazoezi alikuwa wa Madagascar: hatua zake, mikono yake, hata tabasamu lake, vyote vilipangwa kwa ajili ya Madagascar. Kisha Madagascar ikajitoa, kama zilivyojitoa Ethiopia na Shelisheli, na msichana akarudi nyumbani analia. Dakika za mwisho ikapatikana nafasi ya Uganda. Akaidaka, akaingia uwanjani anang'aa.

Kujitoa kwa Madagascar ni historia ya kweli. Msichana ni wa kubuni. Anaitwa Sung Deok-sun, mhusika mkuu wa Reply 1988, tamthilia ya sehemu 20 iliyorushwa na kituo cha tvN cha Korea Kusini kuanzia Novemba 2015 hadi Januari 2016. Katika tukio hilo moja la sehemu ya kwanza, mwandishi Lee Woo-jung na mwongozaji Shin Won-ho wametuonyesha tabia yake yote. Deok-sun hujiandaa kwa moyo wake wote, hunyang'anywa, hupewa kilichobaki, na hukibeba kana kwamba ndicho alichokitaka tangu mwanzo.

Nimeanza na bango kwa sababu karibu kila mtu amelisahau. Kaa na watu walioitazama tamthilia hii, na kabla chai haijapoa utaulizwa swali moja: wewe ni wa Jung-hwan au wa Taek? Deok-sun ana marafiki wanne wa kiume aliokua nao kichochoro kimoja, mtaa wa Ssangmun-dong, Seoul. Hadithi inasimuliwa na Deok-sun mtu mzima, ameketi na mumewe. Mume tunamwona, jina lake hatuambiwi. Kwa zaidi ya miezi miwili Wakorea waligawanyika. Kambi moja ilikuwa na msemo wake wa mkato, eonamryu, maana yake vyovyote iwavyo mume ni Ryu, wakimkusudia Ryu Jun-yeol aliyeigiza kama Jung-hwan. Kambi ya pili ikajibu eonamtaek: vyovyote iwavyo mume ni Taek, yule kijana mpole, bingwa wa mchezo wa baduk, aliyeigizwa na Park Bo-gum. Sehemu ya mwisho ilifikia asilimia 18.8 ya watazamaji, kiwango ambacho televisheni ya kebo ya Korea haikuwa imewahi kukigusa. Mume akawa Taek. Ubishi haukwisha.

Nyumbani kwa dada yangu, mtaa wa Tabata, ubishi huu una miaka sasa. Binti yake ni wa Jung-hwan, haambiliki. Mimi nami nilikuwa wa Jung-hwan, na usiku ule mume alipojulikana nilikasirika kwelikweli, nikazima televisheni kabla majina ya waigizaji hayajamaliza kupita. Nimeirudia tamthilia hii mara tatu tangu hapo. Nimebadili mawazo, ingawa sikuhamia kwa Taek, na hilo ndilo linalomuudhi binti huyo kuliko kama ningehama.

Fikiria jinsi tulivyompenda Jung-hwan. Kamera ilitushika mkono ikatupeleka kwake. Tulikuwa naye ndani ya basi, amenyoosha mikono kumkinga Deok-sun asisukumwe na umati, mishipa imemtoka. Tulikuwa naye mvuani na mwavuli wake. Usiku Deok-sun alipochelewa kurudi kutoka maktaba, tulijua nani alikuwa macho akisikilizia mlango. Mengi ya hayo Deok-sun hakuyajua. Tuliyajua sisi. Na mtu ukishakaa moyoni mwa mwenzako kwa saa nyingi hivyo unakuwa wakili wake, utake usitake. Taek mapenzi yake tuliyapata kwa kudokezewa, tena baadaye, kijana asiyelala bila vidonge, asiyejua hata kufunga kamba za viatu vizuri. Hatukuwahi kuishi ndani yake vile.

Ndipo ikaja sehemu ya 18. Ni mwaka 1994, Deok-sun amesimama peke yake nje ya ukumbi wa tamasha kwa sababu mwenzake hakutokea. Jung-hwan anapata habari, anaendesha gari mbio, taa nyekundu zinamzuia moja baada ya nyingine. Anafika. Taek ameshafika. Taek, ambaye kazi yake yote ni baduk, ameacha pambano lake ili aje. Jung-hwan, akiwa peke yake garini, anakiri moyoni kwamba zilizomchelewesha si taa za barabarani. Ni kusitasita kwake, mara zote zile alizoweza kusema na hakusema. Baadaye, mezani mbele ya marafiki, anatoa pete yake ya chuo cha jeshi la anga na kumweleza Deok-sun kila kitu, miaka yote ile, macho yake yakiwa ya mtu asemaye kweli. Akimaliza anasema alikuwa anatania.

Sijui mtu aliyetazama dakika zile akabaki mkavu.

"Alinyamaza kwa ajili ya rafiki yake, mama mdogo," husema binti wa dada yangu. "Mtu anayeweza kumwacha ampendaye kwa ajili ya rafiki, huyo si ndiye wa kuolewa naye?"

Hoja hiyo ina uzito na siidharau. Wengi wetu tumelelewa tukiambiwa kwamba mapenzi yapo na undugu upo, na mwungwana anajua lipi la kutangulizwa. Lakini tazama kilichofanyika. Jung-hwan anagundua kwamba Taek anampenda Deok-sun, anarudi nyuma. Taek anaona picha ya Deok-sun kwenye pochi ya Jung-hwan, naye anarudi nyuma, anavunja hata ahadi ya kwenda sinema na msichana ambaye tayari amekubali. Vijana wawili wema, wenye mioyo safi, wanapishana kama watu wawili mlangoni, kila mmoja akimwambia mwenzake tangulia wewe. Na mlango ni mtu. Nani alimuuliza Deok-sun?

Hapo ndipo nilipoanza kuitazama upya, safari hii nikimfuata yeye. Deok-sun ni mtoto wa kati. Dada yake Bo-ra ana akili na hasira, mdogo wake No-eul ni wa kiume. Kuku akipikwa, mapaja yana wenyewe. Siku yake ya kuzaliwa huunganishwa na ya Bo-ra kwa kuwa zimekaribiana: keki ileile, mishumaa ileile, ikichomolewa mmoja na kuwashwa upya kwa jina lake. Hata jina limekuwa tatizo, mwaguzi akasema linamzuia kufaulu, nyumbani wakajaribu kumwita Su-yeon. Mtoto aliyekua akingoja kilichobaki atapendaje? Anapenda vilevile. Rafiki zake wa shule wanamwambia Sun-woo anakupenda, basi anampenda Sun-woo, kumbe Sun-woo anakuja pale nyumbani kwa ajili ya Bo-ra. Wanamwambia Jung-hwan anakupenda, basi moyo unamgeukia Jung-hwan. Anayemshtua ni Dong-ryong, mkia wa darasa na mchekeshaji wa kundi. Anamtaka aache kuhesabu nani anampenda, ajiulize yeye anampenda nani.

Kwangu mimi hiyo ndiyo njia panda ya hadithi nzima. Msichana aliyezoea kubebeshwa mabango ya wengine ameulizwa kwa mara ya kwanza anataka nchi gani.

Na papo hapo tamthilia inamfunga mdomo. Kama tungeuona moyo wake kuanzia hapo, tungejua mume ni nani, na fumbo lingekufa. Kwa hiyo tunaoneshwa mikono yake, nyusi zake, kimya chake. Usiku mmoja Taek aliyelewa vidonge vya usingizi anambusu. Kesho yake, akiwa hana hakika kama aliota, anamuuliza kama alikwenda chumbani kwake, na Deok-sun anakana. Kwa nini anakana? Ni aibu, au hofu ya kuvunja urafiki wa watu watano, au hajaamini kwamba safari hii kuna kitu ni chake tangu mwanzo? Swali hilo peke yake lingetosha sehemu mbili nzima. Halikupewa. Hata mume mtu mzima, aliyeigizwa na marehemu Kim Joo-hyuk, alipewa ukavu wa maneno unaofanana na wa Jung-hwan, ili tuendelee kukisia. Kambi ya Jung-hwan inalalamika kwamba kijana wao aliibiwa mke. Naona aliyeibiwa ni Deok-sun, na alichoibiwa ni nafasi ya kuonekana akichagua.

Watazamaji wa Korea wana maneno mawili ya jikoni ninayoyapenda sana kwa mambo haya. Hadithi ikikwama, wapendanao wakikaa kimya pale wanapopaswa kusema, husema ni goguma, kiazi kitamu. Aliyewahi kula kiazi kikavu bila chai anajua kinavyosimama kifuani. Mhusika akifungua mdomo hatimaye, hiyo ni saida, kwa jina la soda yao nyeupe yenye gesi, inayoshusha kila kitu. Jung-hwan ni kiazi kutoka mwanzo hadi mwisho. Lakini Deok-sun hakupewa hata nafasi ya kuwa kiazi, maana kiazi lazima tujue kimekwama wapi.

Ubishi wa namna hii ulirudi kwa nguvu mwaka 2020, tamthilia ya Start-Up ilipotoka, safari hii ukiwa wa dunia nzima kwa kuwa Netflix iliisambaza. Mwandishi Park Hye-ryun alianza na yatima. Han Ji-pyeong, kijana asiye na pa kulala, anahifadhiwa na bibi mwenye kibanda cha vitafunwa. Bibi ana mjukuu, Seo Dal-mi, aliyebaki mpweke baada ya wazazi kuachana na dada yake kuondoka na mama. Anamwomba Ji-pyeong amwandikie mjukuu barua za urafiki. Ji-pyeong anachukua jina kutoka gazetini, la mtoto aliyeshinda mashindano ya hisabati, Nam Do-san, na kwa jina hilo anaandika. Miaka inapita. Dal-mi mtu mzima anamtafuta Do-san wa barua, na Do-san halisi, ambaye hakuandika hata mstari, analazimika kuwa mtu yule.

Kim Seon-ho aliigiza Ji-pyeong kwa upole wenye jeraha, na watu wakaugua kile Wakorea wanachokiita seobeu-byeong, ugonjwa wa kumpenda mwanamume wa pili. Dal-mi alipomchagua Do-san walikasirika kana kwamba deni limekataliwa kulipwa. Niliwasikia wanawake wenye busara zao wakisema: yule alimfariji utotoni, yule alimtunza bibi, yule ndiye mwenye haki. Neno hilo, haki, lilinisumbua. Hisani aliyotendewa mtu akiwa na miaka kumi na kitu haigeuki mahari akifika ishirini na kitu. Ji-pyeong anastahili nyumba, na bibi anampa: ndiye aliyewahi kumwambia kijana yule arudi kwake siku mambo yakimwendea vibaya, akifanikiwa asijisumbue kuja. Mapenzi yale, ya bibi muuza vitafunwa na mtoto asiye wake, ndiyo makubwa kuliko yote katika Start-Up, na yamezungumzwa kidogo mno.

Hata hivyo sitaki kuwakatalia wagonjwa wa Ji-pyeong kila kitu. Tulianza na yeye. Sehemu ya kwanza ilitufanya tuishi ndani yake, kisha tukaambiwa tuhame, na sababu za Dal-mi kuhama hazikufuatwa kwa umakini uleule. Do-san anaondoka kwenda Marekani, miaka mitatu inapita kwa kurukwa, anarudi mtu imara. Yeye alivyokua tunapewa kwa habari. Dal-mi alivyosahau, au kutosahau, tunapewa kidogo zaidi. Hasira ya watazamaji ilikuwa ya kweli, ila waliielekeza kwa msichana badala ya kuielekeza kwenye mswada.

Zamani hasira kama hiyo ilikuwa na kazi. Tamthilia nyingi za Korea zilirekodiwa huku zikirushwa, sehemu mbili kila wiki, waigizaji wakipokea kurasa za mswada siku ileile ya kurekodi. Mwisho ulikuwa haujaandikwa, kwa hiyo mtazamaji aliyepiga kelele Jumatatu aliweza kuota kwamba Jumamosi atasikilizwa. Si kila mwandishi alisikiliza. Mwaka 2004 Lovers in Paris ya Kim Eun-sook, iliyokuwa ikitazamwa na zaidi ya nusu ya wenye televisheni, iliishia kufichua kwamba mapenzi tuliyoyafuata yalikuwa hadithi iliyoandikwa na mhusika mwenyewe. Hasira ya siku zile inasimuliwa hadi leo. Descendants of the Sun ya mwaka 2016 ilikamilishwa kurekodiwa kabla ya kurushwa, na tangu Julai 2018 sheria ya Korea ya kutozidisha saa 52 za kazi kwa wiki ilisukuma wengi kuelekea huko. Kazi ikifika kwetu imeshafungwa. Tunabishana vilevile, pengine zaidi, kwa kuwa sasa tunachobishania si nini kitatokea. Ni tulichokiona.

Wengi wetu Dar es Salaam tuliingia Korea kupitia mlango mwingine kabisa: Jumong ya mwaka 2006, iliyopangwa kuwa na sehemu 60 ikarefushwa hadi 81. Diski zake zilizunguka nyumba hadi nyumba, zikirudi na mikwaruzo. Wavulana walihesabu vita. Sisi tulimfuata Soseono, mwanamke mfanyabiashara aliyeigizwa na Han Hye-jin, aliyempenda Jumong, akadhani amekufa, akaolewa na mwingine, akaja kusimama naye kujenga ufalme wa Goguryeo. Mke wa kwanza wa Jumong aliyedhaniwa amepotea anaporudi na mwanawe, Soseono anakusanya watu wake na wanawe wawili na kuelekea kusini. Mmoja wa wanawe, Onjo, ndiye ambaye masimulizi ya kale yanasema alianzisha ufalme wa Baekje, mwaka 18 KK. Mama yangu alisema pale pale kwamba mwanamke huyu ameonewa. Dada yangu alisema hapana, ameondoka na ufalme wake mkononi. Nilikuwa mdogo, nikakubaliana na wote wawili. Leo naona kilichotuwezesha kubishana vile: Soseono alituonyesha uso wake wakati anaamua.

Kwa hilo hakuna anayemfikia Kim Sam-soon. My Lovely Sam Soon ilirushwa na kituo cha MBC mwaka 2005 na sehemu yake ya mwisho ilivuka asilimia 50. Sam-soon ni mpishi wa keki, mnene kidogo, ana miaka 30 na jamii imeshamwandika mwanamke aliyechelewa. Jina lake ni la kishamba, kama la Deok-sun, na anataka kulibadilisha liwe Hee-jin. Kim Sun-a alimwigiza bila kuficha kitu: anakula kwa hasira, analia chooni, anapanda mlima Hallasan wa Jeju peke yake ili amtoe mtu moyoni. Mwanamume, Jin-heon, aliyeigizwa na Hyun Bin, ni tajiri kijana anayemlipa ajifanye mpenzi wake, anamfokea, anamvuta mkono.

Mwaka 2005 wengi walimwona Jin-heon kijana mwenye kiburi kitakachoyeyushwa na mapenzi. Mwaka 2024 mwongozaji yuleyule, Kim Yoon-cheol, aliihariri upya kwa ajili ya jukwaa la Wavve, kutoka sehemu 16 hadi 8, na katika kupunguza ilibidi aangalie upya mwenendo wa Jin-heon, kwa kuwa mtazamaji wa sasa akiona mwanamke anavutwa mkono haoni tena mahaba. Wapo wanaosema huko ni kuisafisha historia. Nilishituka mwenyewe nilipoirudia: pale nilipoguna kwa utamu nikiwa msichana, safari hii nilijikuta nimekunja uso. Lakini Sam-soon hakuzeeka hata siku moja. Mwishoni anabaki na jina lake. Mama mkwe hajakubali, harusi haijafungwa, na yeye mwenyewe anajua kwamba huenda siku moja wataachana. Anapanda ngazi za Namsan pamoja na kijana yule kwa sababu ameamua leo kupanda. Hakuna aliyelazimika kukisia anataka nini.

Na mwaka 2025 ikaja When Life Gives You Tangerines ya Lim Sang-choon, ambayo ndani yake fumbo la mume halipo kabisa. Tangu utotoni kisiwani Jeju tunajua Ae-sun ni wa Gwan-sik. Ubishi ukahamia kwingine: je, yupo mwanamume kama Gwan-sik, anayejitupa baharini kutoka kwenye meli na kuogelea kumrudia mpenzi wake? Binti wa dada yangu anasema hayupo. Dada yangu hajibu, anatabasamu tu. Mimi tukio lililonikaa ni dogo zaidi: Gwan-sik ameketi meza ya wanaume, mkewe na bintiye wamewekwa kwenye meza ya wanawake nyuma yake, naye anageuka, anawapa wanaume mgongo na kula na wake. Kwa kuwa hatukuwa na mume wa kutafuta, tulipata muda wa kumwona Ae-sun, mtoto wa mzamiaji wa baharini aliyetaka kuwa mshairi, akiihamishia ndoto yake kwa mwanawe, hadi uzeeni anapokishika kitabu cha mashairi yake mwenyewe.

Jumapili iliyopita tulianza tena Reply 1988 kutoka mwanzo, watatu, na bakuli la karanga. Binti wa dada yangu alikuja amejiandaa kumtetea Jung-hwan. Tulipofika kwenye keki ya Bo-ra, mshumaa ukachomolewa na kuwashwa tena, na Deok-sun akalipuka kwa machozi mbele ya wazazi wake, binti yule akaniwekea mkono begani.

"Rudisha nyuma kidogo."

Nikarudisha. Tukamtazama Deok-sun akiutazama mshumaa, kabla hajasema chochote.

"Mama mdogo," akauliza, "hivi huyu alitaka awe nani akikua?"

Nilianza kujibu nikagundua sina jibu la haraka. Dada yangu naye akanyamaza. Nikabonyeza, tukaendelea.